Lugha nyepesi ya kompyuta yafaa kutengenezea michezo? Swali la mama mmoja katika ofisi ya msikiti

JUMAMOSI moja baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaa wetu alibisha hodi katika ofisi ya kamati ya msikiti. Alifuatana na mwanawe wa Kidato cha Pili, naye kijana amekumbatia kompyuta mpakato iliyofunikwa kwa kanga.

“Ustadhi, nimekuja na shauri lisilohusu msikiti,” alisema baada ya salamu. “Lakini sina mwingine wa kumuuliza.”

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Mumewe anafanya kazi Muscat, na kompyuta ile aliinunua ili mtoto asomee. Kwa miezi mitatu kijana amekuwa akiitumia kutengeneza mchezo wa bao kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Baba alipopata habari alikasirika, akaamuru kompyuta iuzwe, kwa kuwa hakutoka jasho ughaibuni ili mwanawe acheze. Wakati huo huo, jirani mmoja anayesoma chuo kikuu alikuwa amemcheka kijana. Alimwambia kwamba Python ni lugha ya wanaoanza, kwamba michezo ya kweli huandikwa kwa lugha ya C++, na kwamba kazi hiyo yataka mashine yenye nguvu maradufu. Kijana akavunjika moyo, kisha akamwomba mama yake zamu yake ya upatu ili inunuliwe mashine kubwa.

“Baba yake asema uza, yeye asema nunua,” alimaliza mama. “Niambie, ustadhi, lugha hii inafaa kutengenezea michezo au haifai? Ikiwa haifai, mtoto anapoteza umri wake. Ikiwa inafaa, basi fedha zangu anazitakia nini?”

Sikumjibu siku ile. Chuoni nilisoma Kiarabu na fiqhi, na kompyuta nimeijulia hapa hapa ofisini, kwa kuandika kumbukumbu za vikao na hesabu za michango ya mazishi. Python naijua kwa kiasi hicho, maana ndiyo niliyoandikia daftari letu la michango. Nilimwomba juma moja. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu tangu siku ile wazazi wengine watatu wamekuja na swali linalofanana na hilo.

Mchezo ndani yake una nini

Mtu akiutazama mchezo wa kompyuta huona rangi na mwendo. Ndani yake kuna duara la kazi tatu zinazorudiwa bila kukoma. Kwanza programu hupokea alichofanya mchezaji, kama vile kubonyeza kitufe. Kisha huhesabu kilichobadilika: mpira umefika wapi, nani kashinda, nani kapoteza. Mwisho huchora picha mpya, halafu hurejea mwanzo.

Katika michezo ya mwendo wa kasi, duara hilo huzunguka mara 60 kwa sekunde moja. Hapo programu hupewa takriban sehemu 17 katika sehemu 1,000 za sekunde kukamilisha kazi zote tatu. Ikichelewa, picha hukwama na mchezo huchukiza. Kwa hiyo hoja ya jirani yule ina msingi. Kasi ni jambo la kweli katika fani hii, na lugha za kompyuta hazilingani kwa kasi.

Lugha ya C++ hugeuzwa yote kuwa maneno ya mashine kabla programu haijaanza kufanya kazi. Python hutafsiriwa na kutekelezwa wakati programu inapoendeshwa, na kila hatua ina ukaguzi wake. Kwa mahesabu mazito yale yale, C++ huweza kuitangulia Python mara makumi. Hiyo ndiyo bei ya wepesi wa kuandika.

Lakini si kila mchezo unahitaji kasi hiyo. Bao humsubiri mchezaji. Wazee wetu wa barazani hutafakari dakika nzima kabla ya kugusa kete, na kompyuta hupumzika muda wote huo. Mchezo wa maneno, wa maswali na majibu, wa kupanga namba, au wa mafumbo ya watoto, yote hiyo haidai mashine ya fahari wala lugha ya kasi.

Python inatosha wapi, na inachoka wapi

Python ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Hutolewa bure. Maagizo yake hufupika, na mpangilio wake humlazimisha mwandishi kuandika kwa unadhifu, kwa kuwa nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya maana.

Tangu mwaka 2000 kuna nyongeza yake iitwayo Pygame, iliyokusudiwa michezo hasa. Ndani yake, kazi nzito ya kuchora picha na kupiga sauti hufanywa na sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C, iliyo ya kasi, na Python hubaki ikitoa amri. Ni mfano wa fundi mkuu anayeelekeza huku vibarua wenye nguvu wakibeba mawe. Kwa njia hiyo Python hutosha kwa michezo mingi midogo ya picha bapa, hata ile yenye mwendo.

Makampuni makubwa nayo hayakuidharau. Mchezo wa Civilization IV, uliotoka mwaka 2005, ulitumia Python kwa kanuni na matukio yake mengi, huku kazi nzito zikibebwa na C++. EVE Online, mchezo wa kampuni ya Iceland uliofunguliwa mwaka 2003 na kuchezwa na maelfu ya watu kwa pamoja, umejengwa kwa kutegemea aina mojawapo ya Python.

Mipaka yake pia ni ya kweli. Kwanza, Python peke yake haifai kwa mchezo mkubwa wa picha zenye kina, wenye ulimwengu mpana na watu mamia wanaotembea. Pili, si njia rahisi ya kutengenezea michezo ya simu, na hapa kwetu wachezaji wengi wako kwenye simu. Njia zipo, ila ni ndefu na zina miiba kwa anayeanza. Tatu, mchezo ulioandikwa kwa Python huwa mgumu kidogo kumpelekea mtu asiye na Python katika kompyuta yake.

Kwa anayefikia mipaka hiyo kuna daraja. Godot ni karakana ya kutengenezea michezo iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina, na mwaka 2014 ikafunguliwa kwa watu wote bila malipo. Lugha yake, GDScript, inafanana sana na Python kwa sura, na mchezo uliotengenezwa humo huweza kupelekwa kwenye simu. Mtoto aliyeishika Python vyema haanzi upya akifika hapo.

Kwa wadogo zaidi kuna Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Humo mtoto haandiki. Hupanga vipande vya rangi vinavyoshikana kama matofali, na kila kipande ni amri moja. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake, na ikishapakuliwa huweza kutumika bila intaneti. Nimeona mtoto wa miaka tisa akimfanya paka atembee na kuruka katika muda usiozidi baina ya Magharibi na Isha.

Ajurrumiya kabla ya Alfiya

Nilipokuwa nikiyachunguza haya nilikumbuka madrasa. Sote tuliosoma nahau tulianza na Ajurrumiya ya Ibn Ajurrum wa Fes, kijitabu cha kurasa chache. Waliojaaliwa kuendelea walifika kwenye Alfiya ya Ibn Malik, yenye beti zipatazo elfu moja. Sijapata kumsikia mwalimu akimcheka mwanafunzi wa Ajurrumiya kwa kuwa haijamaliza milango yote ya nahau. Mwalimu hujua kwamba asiyeijua irabu ya jina moja hawezi kuipanda Alfiya, na kwamba aliyeanza na Alfiya bila msingi mara nyingi hutoka na maneno mazito mdomoni na mkono mtupu.

Wala elimu hii si ya wageni kwetu. Neno linalotumiwa duniani kote kwa maana ya hatua za kutatua jambo kwa mpangilio, algorithimu, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa karne ya tisa aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha al-jabri kilikusudiwa kuwasaidia watu katika mambo kama mirathi na biashara. Naye al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, hakuishia kwenye mashine za kupandisha maji na saa. Alibuni pia vyombo vya kuwafurahisha wageni. Mafundi wa kale walijua kwamba kitu cha kuchekesha kinaweza kubeba elimu nzito.

Je, mchezo wenyewe?

Hapa hofu ya baba ina nafasi yake, na sipendi kuipita kimya. Mimi si mufti. Nilimwendea imamu wetu, na kwa ruhusa yake nafupisha aliyonieleza.

Kamari haina mjadala. Imeharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi. Kwa hiyo mchezo wa kuweka fedha, hata ukipambwa kwa katuni, haumhusu kijana wa Kiislamu, si kwa kuucheza wala kwa kuutengeneza. Wazazi wajue pia kwamba baadhi ya michezo huuza visanduku vilivyofungwa, mtoto akalipa bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya aina hiyo, katika baadhi ya michezo iliyoichunguza, vilivunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Nchi hiyo si ya Kiislamu, nayo iliiona hatari.

Katika michezo isiyo na fedha, wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walitofautisha kati ya mchezo unaotegemea bahati ya dadu, ambao wameukataza, na ule unaotegemea fikra na hesabu kama sataranji, ambao wengi wao waliuona makruhu bila kuuharamisha, kwa sharti kwamba hauna dau, hauna maneno machafu, wala haumpitishi mtu wakati wa swala. Bao halina dadu. Kila kete inaonekana, na kila kosa ni la mchezaji mwenyewe.

Imamu aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mtoto anayecheza saa tatu na mtoto anayetengeneza saa tatu hawako mahali pamoja, ingawa kwa mbali wote wameinamia kioo. Wa kwanza anatumia muda. Wa pili huenda anajifunza kazi, au huenda anajidanganya. “Mtake akuonyeshe alichokifanya,” alisema. “Muda huulizwa matunda yake.”

Kete ya 64

Jumamosi iliyofuata nilimtaka kijana anionyeshe. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kamati, na wazee wawili wa baraza wakavuta viti.

Wajuao bao la Kiswahili wanajua kwamba lina mashimo 32 kwa safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa katika nyumba, na 22 ghalani. Kijana alikuwa ameyaandika hayo yote. Alicheza hatua chache na mzee mmoja, na mzee akakubali kwamba kunamua kumefuatwa. Baada ya muda mzee akakunja uso. “Kete zimepungua,” alisema. Tulihesabu: 63.

Kijana alisema kwamba kosa hilo limemsumbua majuma mawili, na kwamba alianza kuamini maneno ya jirani, kuwa kosa ni la lugha. Nilimuuliza kama aliwahi kuiamuru programu ihesabu kete kila baada ya hatua, na isimame pale jumla isipokuwa 64. Hakuwahi. Aliandika amri hiyo papo hapo, mistari miwili tu. Mchezo ulisimama mara ya kwanza mchezaji alipokula. Akasoma mistari yake taratibu, kidole juu ya kioo, mpaka akapaona: mchezaji akila wakati wa kunamua, kete aliyoitoa ghalani ilipunguzwa katika hesabu ya ghala, lakini haikutiwa shimoni. Ilipotea njiani. Akarekebisha, tukacheza hadi mwisho, na kete zikabaki 64.

Hapo nilipata jibu ambalo vitabu havikunipa. Kosa lile lingekuwa lile lile katika C++, na mashine ya milioni kadhaa ingepoteza kete ile ile, ila kwa haraka zaidi. Kilichokuwa kimepungua ni tabia ya kuhesabu amana kila hatua, na tabia hiyo hufundishwa vyema na lugha ambayo mtoto anaweza kuisoma mwenyewe.

Nilimwonyesha pia mahali ambapo Python itamchosha kweli. Anataka kompyuta iwe mpinzani anayefikiri. Tuseme kila zamu ina njia tano. Kuangalia hatua sita mbele ni kupima njia 15,625, jambo ambalo Python italivumilia. Hatua kumi ni njia 9,765,625, na hapo mzee atakunywa kahawa na kumaliza kikombe kabla ya kujibiwa. Siku akifika hapo atakuwa na sababu ya kujifunza lugha ya kasi, na atajua anaitakia nini. Leo hajafika.

Jibu nililompa mama

Nilimwambia mama yafuatayo mbele ya mwanawe.

Lugha inafaa kwa mchezo huu na kwa mingine mingi ya namna yake. Haifai kwa michezo mikubwa anayoiona kwenye matangazo, lakini michezo hiyo hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, si na kijana mmoja kwa mwezi. Kwa hiyo zamu ya upatu ibaki kwa kazi iliyokusudiwa. Kompyuta iliyopo inatosha.

Nilimwambia pia kwamba amri ya baba haipuuzwi. Nilimshauri kijana ampigie simu baba yake yeye mwenyewe, amwombe radhi kwa kutomweleza mapema, kisha amtumie picha ya video ya mchezo akieleza alivyoipata kete iliyopotea. Tuliandika masharti manne kwenye karatasi: masomo ya shule kwanza, kompyuta hufungwa adhana inapoanza, kazi hufanyika sebuleni, si chumbani kwa mlango uliofungwa, na kila Ijumaa kijana humwonyesha mama alichokiongeza juma hilo. Ijumaa mbili mfululizo bila cha kuonyesha, kompyuta hupumzika mwezi mmoja.

Baba hakukubali moja kwa moja. Alisema kompyuta isiuzwe mpaka yatoke matokeo ya mtihani wa muhula, ndipo ataamua. Nimeona huo ni uamuzi wa mzazi mwenye busara. Kijana naye ameukubali, ingawa uso wake ulisema alitarajia zaidi.

Wazazi wenzangu, hatuwezi kumwongoza mtoto katika jambo ambalo hatujaomba hata kulitazama. Huna haja ya kuijua Python ili umuulize mwanao maswali matatu: Umetengeneza nini juma hili? Kimekushinda nini? Umejuaje kwamba kilichokushinda hakitokani na uvivu wako? Anayetengeneza kweli atayajibu kwa furaha, na huenda akakuchosha kwa maelezo. Anayecheza tu atanyamaza, nawe utakuwa umejua.

Ofisi yetu ina kompyuta mbili za zamani zinazotumika siku mbili tu kwa juma. Nimeiomba kamati iruhusu vijana kuzitumia kila Jumamosi baina ya Adhuhuri na Alasiri kwa kujifunza, chini ya usimamizi, wavulana na wasichana kwa zamu zao. Jambo hilo litajadiliwa katika kikao kijacho, na wapo wajumbe wenye mashaka. Mashaka yao nayajibu kwa ile karatasi ya masharti manne, na kwa ubao wenye kete 64 zisizopungua.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na awabarikie muda wao. Wabillahi tawfiq.